Kijiko cha Kuonjea

"Wewe ndiye unayempa soda."

"Soda gani? Mimi mwenyewe soda inanichoma tumbo."

"Basi sukari imeingia yenyewe kwenye damu. Imepiga hodi, ikakaribishwa."

"Muulize mwenyewe. Si huyu hapa."

Hatukumuuliza. Mama alikuwa amekaa katikati yetu kwenye benchi la nje ya maabara, mkoba mapajani, anaangalia ukuta ambao najua hauoni vizuri. Dada yangu, tunamwita Afande maana hata akikuomba chumvi unajikuta umesimama, alikuwa ananifokea juu ya kichwa cha mama kama vile mama ni meza.

Mama ana kisukari tangu mimi niko shule, na shule niliachana nayo zamani. Sasa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari wa macho alikubali kumpasua, la kulia kwanza, ila akataka kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Kisome chini ya nane. Kikizidi, jicho hagusi, maana kidonda kinaweza kugoma kupona na jicho likaoza badala ya kuona. Sisi tukatoka pale tunacheka. Kila kliniki mama akichomwa kidole sukari inasoma vizuri, muuguzi anamsifu mpaka wagonjwa wenzake wanamnunia. Nane ni kitu gani kwake?

Wakamtoa damu ya mshipa, ikaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Majibu ndiyo hayo tuliyokuwa tunagombania: kumi na moja nukta mbili.

Afande alianza kwa kusema wamechanganya vichupa. Jamaa wa maabara hakukasirika. Alisema hata yeye alishangaa, ndiyo maana alikirudia kipimo, na namba ikatoka ileile. Akainama kwa mama akamweleza taratibu. Kidole kinasema sukari ya saa hiyo tu. Hiki kingine kinaangalia sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama miezi mitatu, kwa hiyo zinabeba yote yaliyopita humo.

"Mtu akijibana siku mbili kabla ya kliniki, mama, kidole kitamsifu," akasema. "Hiki hakimsifii mtu."

"Mimi sijibani, mwanangu. Mimi sukari siili."

Alilisema kwa sauti ya chini, na mimi nilimwamini. Afande hakuamini. Daktari wa macho wala hakuangalia nani anaamini nini. Alifuta upasuaji, akasema turudi baada ya miezi mitatu na kipimo kingine, na hakuficha kwamba macho yenyewe hayatusubiri. Daktari wa kisukari akaongeza dozi. Akamuuliza mama anakula nini, mama akamtajia kila kitu, chai bila sukari, mboga, ugali kiasi cha ngumi, na vyote vilikuwa kweli. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Nyumbani Afande akaanza msako. Alinyanyua godoro, akapekua kabati, akaingiza mkono mpaka ndani ya viatu. Mama amekaa kitandani anamsikiliza.

"Ukimaliza huko," mama akasema, "nipekue na nywele."

Mimi nilicheka. Afande akaniambia ninacheka kwa sababu si mimi nitakayemshika mama mkono akiwa kipofu, wewe kazi yako kuzurura na pikipiki. Sikumjibu. Kwanza, ni kweli nazurura. Pili, alikuwa analia, na Afande kulia sijamzoea.

Kesho yake nilikuwa nasubiri mzigo. Mama anapika keki za harusi, mimi ndiye ninayezipeleka, ghorofa moja moja kwenye boksi, naendesha kama nimebeba mtoto mchanga. Keki haikuwa tayari, nikapindua ndoo nikakaa mlangoni mwa jiko. Sikuwa namvizia. Sikuwa na pengine pa kuangalia tu.

Akasaga siagi na sukari. Kijiko mdomoni. Akaongeza sukari kidogo. Kijiko mdomoni. Yakaingia mayai, ikaingia limau, kijiko mdomoni. Akageukia shira iliyokuwa inachemka kwenye moto, akachota, akapuliza, akaonja, akatia maji, akaonja. Halafu krimu ya kupambia, bakuli tatu za rangi tatu, kila moja akaionja, na ile ya katikati akairudia. Kijiko kinaenda kinarudi kama mimi mjini. Na hiyo ilikuwa keki moja. Siku za harusi nyingi anapika nne.

"Mama, unakula."

"Nakula nini?"

"Hicho."

Alikiangalia kile kijiko kama vile kuna mtu kamwekea mkononi.

"Hii ni kuonja," akasema. "Kuonja si kula."

Hakuwa ananidanganya. Kwake kula ni kukaa chini na sahani. Mwashi hasemi kwamba amekula vumbi. Na kumbe siku ya kuamkia kliniki hapiki kabisa, anaoga na kukaa, hataki kwenda kwa daktari ananuka siagi, kwa hiyo kidole kikichomwa kinakuta mtu aliyepumzika. Miaka yote hiyo tunamsifu kwa kuoga.

Nikamuuliza mbona anaonja mara nyingi hivyo. Zamani sikumbuki kijiko kikifanya kazi hivyo.

"Zamani nilikuwa naonja mara moja, mwisho. Shira naitazama rangi, najua imefika. Unga nausoma kwenye mizani." Akapapasa meza akaweka kijiko. "Sasa rangi siioni, namba za mizani sizioni. Nimebaki na ulimi tu, baba."

Akiniita baba ujue amechoka.

Nilikaa pale kwenye ndoo nikaona fundo lilivyofungwa. Jicho limemfanya aonje, kuonja kumepandisha sukari, sukari imezuia jicho. Hakuna mwizi wa soda. Nikampigia Afande nikamwambia. Akarudia uafande wake: kuanzia leo mama asitie kitu mdomoni jikoni, mizani utamsomea wewe, na kuonja utaonja wewe.

"Mimi?"

"Si una mdomo? Tena mkubwa."

Kusoma mizani nilimudu. Kikaja kijiko. Mama alinipa mwenyewe, akanishika na mkono ili nisikipeleke pembeni mwa bakuli, chini kabisa katikati, ndiko ukweli uliko. Nikaonja.

"Enhe?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu tu."

"Limau linakuja mwanzo au mwisho? Siagi inakaa ulimini au inateleza?"

Nikaonja tena. Nikafumba macho nikidhani yatasaidia. Nilitaka kumpa jibu, lolote, lakini mdomoni mwangu kulikuwa na sukari na hakuna kingine. Ningeweza kudanganya. Angejua.

"Sijui, Mama."

Hakunifokea. Bora angenifokea. Akasogea, akachovya kidole chake kidogo kwenye bakuli, akakinyanyua mpaka karibu na midomo. Naapa ningemwacha.

Kidole kikasimama hapohapo. Niliona koo lake likimeza kitu ambacho hakipo.

Halafu akakifuta kwenye aproni. Akaifungua aproni yenyewe, akapapasa ukuta akitafuta msumari, akaukosa, akaupata, akaitundika. Huyu ni mtu aliyewahi kumwaga keki nzima, bwana harusi yuko njiani kuichukua, kwa sababu shira iliungua kidogo, kidogo ambacho sisi wote hatukukisikia.

"Sasa hii niifanyeje?" nikamuuliza.

"Itie kwenye oveni hivyohivyo. Wataila tu."

Akageuka, akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, akatoka.