Sauti za Sebuleni kwa Mama Bupe

Simiyu alikuwa na mdomo mtamu, hilo hakuna mtu wetu wa Germantown, kule Marekani, angebisha. Ungemkuta Jumamosi mchana kwa Mama Bupe, mama wa Kitanzania kutoka Mbeya, ameshamaliza sahani ya kwanza, anajipangusa vidole, ameanza: "Jameni, tukiachilia hawa watoto hivi hivi, wajukuu watakuja kutuzika kwa Kiingereza."

Watu wanacheka, lakini cheko lenyewe lina uchungu, maana ni kweli. Bupe, mtoto wa nyumba hiyo, ukimwambia leta chumvi analeta, anaelewa kila kitu, ila jibu ni Kiingereza kitupu.

Hapo ndipo Simiyu alipowanasa. Akawaambia chuoni kwao wanatengeneza kamusi ya sauti. Mtoto anabonyeza neno, anasikia linavyotamkwa na watu wa Mbeya, wa Kericho, wa Bukavu. Akaweka kinasa sauti juu ya kabati la vyombo.

"Ongeeni tu kama kawaida."

"Hata tukimsengenya pasta?" akauliza Chepkoech, nesi wa Kericho.

"Hapo ndipo lugha inatoka vizuri, dada!"

Wakaongea wee, karibu mwaka mzima. Na ikifika saa ya maombi, nyumba ile haikuwa na mambo ya mmoja anaomba wengine wanangoja. Wote wanafungua vinywa pamoja, kila mtu na shida yake, kelele kama soko limefunguliwa. Na kile kinasa sauti kiko palepale juu ya kabati, taa yake ndogo nyekundu inawaka. Wengine walishakisahau. Simiyu alikikumbuka kila mara, na hakukizima hata siku moja.

Sasa, kamusi haikuwepo. Chuo chake kule mjini Washington kilikuwa cha watu weusi, kile kizazi cha vyuo vilivyoanzishwa wakati wazungu wamewafungia vya kwao. Na maabara aliyofanya kazi ililipiwa na jeshi. Jeshi lilitaka mashine ambayo mtu akiongea Kiswahili, yenyewe inasema huyu ametoka upande gani. Ilikuwa elfu mbili na sita, vita vya Iraki kila siku kwenye runinga, na Simiyu hakuwa mjinga. Jeshi halitafuti ulikozaliwa ili likupikie ugali.

Alimuuliza profesa wake, Bwana Whitlow, Mmarekani mweusi mwenye mvi na tai kila siku ya Mungu. Alimuuliza mara moja tu.

"Kijana," profesa akavua miwani, "baba yangu alifagia maabara ambayo hakuruhusiwa kusomea. Miaka yote hiyo fedha za jeshi zilitupita zikienda kwa wengine. Leo wamebisha hodi kwetu. Unataka nisifungue?"

Simiyu akarudi kwenye meza yake. Na tena bila ule mradi hakuna karo, na bila karo hakuna viza. Akajiambia ni sauti tu, sauti haiumi mtu. Akaendelea kula maharage ya Mama Bupe.

Siku ya kuwaonyesha wanajeshi mashine ilipofika, profesa akataka baadhi ya wenye sauti waje washukuriwe, wale chakula cha mchana. Simiyu akapiga hesabu zake, akamleta Mama Bupe peke yake. Alimwona mpole, hana maswali mengi. Mama wa watu akatoka zamu yake kule Rockville, kwa mzee aliyeajiriwa kumtunza, akavaa kitenge kipya, akaja na hotipoti imejaa maandazi.

"Mama, wana chakula kule."

"Mwanangu, kwa wakubwa zako nitaendaje mikono mitupu?"

Akakaa kiti cha nyuma kabisa, hotipoti mapajani. Mbele kulikuwa na kanali mmoja mchangamfu na wenzake watatu. Mwanafunzi wa kwenye kompyuta akachagua sauti yoyote, akabonyeza. Spika zikajaa sauti ya mwanamke anayeomba, imechujwa vizuri, kelele za wengine wote zimetolewa. Ukutani yakatokea maandishi makubwa: Tanzania, kusini-magharibi.

Makofi! Kanali akapiga meza. "Na anasema nini?"

Simiyu alikuwa amevimba kichwa kwa yale makofi. Wiki nzima alikuwa akitafsiri, mdomo ulishazoea. Akatafsiri mbele za watu, tena kwa madoido: "Anasema, Bwana, mfunike ndugu yangu Anatoli. Karatasi zake zimeisha, wewe unajua. Wapofushe macho wanaomtafuta, wasijue analala kwangu."

Neno la mwisho likamtoka ndipo akajisikia. Ni kama mtu aliyevua nguo sokoni akidhani yuko bafuni. Hakugeuka nyuma. Hakuweza.

Kanali akacheka, si kwa ubaya. "Mwambieni huyo mama asiwe na wasiwasi, sisi si watu wa uhamiaji."

Chumba kizima kikacheka. Nyuma kabisa kifuniko cha hotipoti kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Kiingereza cha kazini Mama Bupe alikuwa nacho, tena cha kutosha.

Gari la Simiyu likakwama kwenye foleni ya kwenda kaskazini.

"Simiyu."

"Naam, mama."

"Ile kamusi ya watoto iko wapi?"

Angeweza kudanganya, mdomo anao. "Haipo, mama. Haijawahi kuwepo."

Mama Bupe akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei. "Nishushe Rockville. Nitapanda treni."

"Mama, si nakufikisha nyumbani?"

"Nimesema nishushe."

Mama aliyelisha tumbo la Simiyu miezi yote hiyo hakutaka gari la kijana huyo lisimame tena mlangoni pake. Akashuka kituoni, akasahau hotipoti kwenye kiti. Maandazi yote yalikuwa mle, halikuliwa hata moja.

Kesho yake Simiyu akaenda kwa profesa, akaomba sauti ya yule mama itolewe. Profesa akamtazama kwa huruma kabisa. "Majina tulishafuta, zimebaki namba. Na nakala wameshaondoka nayo, kijana."

Basi Jumamosi akarudisha hotipoti, ameiosha mpaka inang'aa. Njia nzima alikuwa akijaribu maneno ya kuomba msamaha. Akabisha hodi. Kule ndani watu walikuwa wanabishana na kucheka, mara wakakatika ghafla. Mlango ukafunguliwa, na Mama Bupe akamkaribisha kwa Kiingereza.

Simiyu akadhani anataniwa. "Mama, shikamoo. Nimekuja kuwaomba msamaha, nyote."

Akajibiwa kwa Kiingereza kwamba ameshasamehewa, akae, chai ipo. Chepkoech akampisha kiti kwa Kiingereza. Papa Balume wa Bukavu, ambaye Kiingereza humtesa kama kiatu kipya, akahangaika nacho mpaka akamaliza kumuuliza habari za masomo. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwita mwanangu. Bupe akawa anageuza shingo kutoka kwa mama yake hadi kwa Papa Balume, mdomo wazi, maana nyumba ile hajawahi kuisikia hivyo. Na juu ya kabati la vyombo, pale pa kinasa sauti, wameweka chombo cha maua ya plastiki.

Ilipofika saa ya maombi wakainamisha vichwa kimya. Midomo imefungwa. Simiyu akasikia friji inaunguruma, akasikia kijiko chake mwenyewe kikigonga kikombe. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, kitanda kimebaki godoro tupu. Anatoli hakuwepo, na Simiyu hakuthubutu kuuliza ameenda wapi.

Akaaga. Alipofika kwenye gari ndipo nyumba ikafunguka nyuma yake. Wote kwa pamoja, kila mtu na shida yake, kwa Kiswahili, ile kelele ya soko. Akasimama na ufunguo mkononi. Na masikio yake, bila kuambiwa, yakaanza kuchambua: huyu Kericho, huyu Bukavu, yule ni Mbeya, yule Mbeya analia.

Akaingia haraka, akawasha gari, akakanyaga mafuta palepale lilipoegeshwa mpaka mngurumo wa injini ukazimeza sauti zao zote.