Mara Mbili Zisizo na Karatasi

Nianze na lililo baya, msije mkanihurumia bure: nilijua. Watu wa mji wetu bado wananisalimia kanisani na kuniita Verlyn mtu mwema, nami naitikia huku macho yangu yakitazama viatu.

Kazi yangu ni kupokea magari yanayoletwa kutengenezwa kwenye duka la magari la Duane Kuehl, huku kaskazini mwa Wisconsin. Mteja akija, mimi ndiye ninayemsikiliza na kuandika malalamiko yake kwenye karatasi ya kazi, kisha fundi analichukua gari. Karatasi hiyo wengi huitupa kwenye droo na kuisahau. Wasichojua ni kwamba sheria ya magari mapya mabovu, ambayo kwetu tunaiita sheria ya malimau, inakwenda kwa karatasi hizo. Gari likirudi gereji mara nne kwa ubovu uleule ndani ya mwaka wa kwanza, na bado halijapona, kampuni lazima ilichukue, irudishe fedha au itoe jingine. Mara nne. Tatu hazitoshi, na za mdomoni hazihesabiwi.

Bi Ardis Halvorson alinunua gari kwetu mwezi wa Septemba, jipya la kwanza maishani mwake. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na mimi nilikuwa mmoja wa watundu aliowafikisha salama. Gari alilitaka kwa sababu moja tu. Mumewe, mzee Orlin, figo zake zimechoka, na mara tatu kwa wiki lazima apelekwe kusafishwa damu, mwendo wa saa nzima kwa barabara kuu.

Oktoba injini ikamzimikia akiwa mwendoni. Nikaandika karatasi. Desemba ikazima tena, nikaandika ya pili. Fundi alibadilisha hiki na kile, mwisho akaniambia, "Verlyn, hili gari sijui lina pepo gani."

Februari Bi Ardis alipopiga simu kusema limezima tena, Duane alikuwa amesimama kando ya meza yangu. Akaifunika simu kwa kiganja chake.

"Karatasi mbili zinatosha," akasema. "Ukiandika ya tatu, wakubwa wa kiwandani wataanza kutuuliza maswali. Mwambie apite nyuma."

Kupita nyuma ndiyo ilikuwa desturi ya gereji yetu, na ilitufaa sana, maana watu wa huku wanaona haya zaidi kulalamika kuliko kuiba. Mtu wa kwetu ukimkanyaga, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuweka mguu njiani. Basi nikamwambia kwa sauti yangu tamu, "Usihangaike na foleni, mama. Njoo saa ya chakula cha mchana, mlango wa nyuma. Tutalitazama chapuchapu, bila mambo ya makaratasi."

"Ah, Verlyn, sitaki kukusumbua."

"Unanisumbua nini, wewe?"

Akaja na keki ya tufaha, bado ya moto. Tukaila pale gerejini, tukajilamba vidole. Fundi hakugundua kitu, nami nikamrudishia ufunguo na kumwambia gari liko salama kabisa. Mei likamzimikia tena. Akapita nyuma tena, na keki nyingine, nami nikamwambia maneno yaleyale bila hata kumeza mate.

Wiki ya pili ya Agosti gari likazima katikati ya daraja, Orlin kalala kiti cha pembeni, na nyuma yao linakuja lori la magogo. Dereva wa lori alikuwa hodari. Wako hai kwa sababu yake, si kwa sababu yangu.

Siku tatu baadaye Bi Ardis akaingia kwa mlango wa mbele, bahasha kaikumbatia kifuani.

"Verlyn mwanangu, samahani, najua una kazi nyingi. Nimekwenda kwa wakili. Anasema nimpelekee karatasi nne kabla mwaka haujaisha, na nyumbani nimeziona mbili tu. Hizo nyingine nadhani nimezipoteza, unajua tena uzee."

Duane alikuwa nyuma ya kioo cha ofisi yake, ananitazama. Nikaigeukia kompyuta, nikabonyezabonyeza kama mtu anayetafuta, na huku najua fika kwamba hakuna cha kutafuta.

"Hazimo, mama."

"Zote mbili?"

"Siku zile hatukuandika. Na kama haikuandikwa..."

Akanishika mkono. "Basi kosa ni langu. Ningekukumbusha. Pole kwa usumbufu, mwanangu."

Aliniomba radhi. Mwanamke aliyekaribia kufa kwa kosa langu aliniomba mimi radhi, mbele ya wateja, na mimi nikapokea! Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Haikupasuka, na alipotoka nilimwita mteja aliyefuata.

Ijumaa ile sikwenda kula samaki na wenzangu, kama ilivyo desturi ya huku kila Ijumaa. Nilikaa jikoni kwangu nikaandika ushahidi kwa mkono wangu, nikaurarua, nikaandika mwingine. Jumamosi asubuhi nikaupeleka kwa akina Halvorson. Niwe mkweli, njiani nilikuwa nimeanza kujiona shujaa.

Bi Ardis alivaa miwani, akausoma mezani, taratibu, kidole kikifuata mistari. Niliandika kwamba Februari na Mei alileta gari kwa ubovu uleule, na kwamba kwa wingi wa kazi, na kwa kutaka kumsaidia haraka, nilisahau kujaza karatasi.

Akaivua miwani.

"Ulisahau, Verlyn?"

"Kazi zilikuwa nyingi, mama."

"Ulisahau mara mbili?"

"Hapana, mama."

"Nani alikwambia usiandike?"

"Duane."

"Na wewe ulijua karatasi zile ni za kazi gani?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

Mzee Orlin, ambaye nilidhani amesinzia kwenye kiti chake karibu na dirisha, akauliza bila kufumbua macho, "Kabla ya keki au baada ya keki?"

"Kabla," nikasema. Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia hata nilipokuwa mtoto.

Bi Ardis aliigeuza ile karatasi upande mweupe, akaisogeza kwangu. "Andika upya. Andika kama ilivyokuwa."

Nikaandika. Nikaandika jina la Duane, nikaandika mlango wa nyuma, nikaandika kwamba nilijua. Nilijua pia kwamba Jumatatu nitakuwa sina kazi. Nikatia saini. Nikadhani sasa yamekwisha.

Hayakwisha. Bi Ardis aliinuka, akautoa ufunguo wa gari kwenye msumari kando ya mlango, akauweka mezani mbele yangu.

"Wakili anasema mambo haya huchukua wiki kadhaa, na Orlin hawezi kuzisubiri. Jumatatu ni siku ya kliniki. Mimi tangu siku ya daraja mikono yangu haitulii kwenye usukani. Utatuendesha wewe."

Niliutazama ule ufunguo. Niliona daraja, nikaona pua ya lori kwenye kioo cha nyuma, na kabla sijauzuia mdomo wangu nikasikia ukisema, "Twende na langu, mama. Langu ni salama zaidi."

Orlin akacheka kwa pua. "Mkuki kwa nguruwe," akasema.

Bi Ardis hakucheka. Akaichukua kalamu na kunirudishia.

"Na hilo pia liandike."