Zamu ya Marijani

Kwenye banda letu la gemu pale Mtoni, mtu akitaka kutoka kidogo, kwenda chooni au kununua kipande cha muhogo, aliacha ndala yake moja mbele ya televisheni. Ndala ikiwa pale, zamu ni yake. Hakuna aliyeigusa, hata awe mbabe wa namna gani. Ilikuwa kama ndoo kwenye foleni ya bomba: mwenyewe hayupo, lakini yupo.

Kaka yangu Marijani aliweka ndala yake ya kushoto juu ya pedi ya pili, kile kidude cha vitufe alichokuwa akichezea kila siku, akavaa raba. Akaniambia, "Somoe, nishikie zamu. Narudi sasa hivi."

Mie nilidhani anakwenda dukani. Jioni tukasikia amezamia meli na vijana wenzake wa bandarini.

Ulipita mwaka, mmoja wao akarudi. Alikuja hadi kwetu, akakaa barazani, akamwambia mama kwamba yeye na Marijani waliachana baharini.

"Baharini wapi, mwanangu?"

"Baharini, mama." Akaomba maji. Hakuyanywa. Akaaga na kuondoka.

Tangu siku hiyo mjomba alitaka Marijani asomewe khitma, tukubali kwamba amekufa, basi. Mama hakukataa na hakukubali. Alikuwa akimwota. Kila ndoto ilikuwa ileile: Marijani amesimama uani, ameelekea ukuta, ametupa mgongo. "Namwita, hageuki," mama alisema. "Mtoto gani huyu, haingii ndani wala haendi zake?" Alikonda hata kanga zikawa zinamdondoka kiunoni.

Asubuhi moja ya mwaka wa tatu tangu aondoke, mwaka wa mvua nyingi, mama aliniita jikoni.

"Somoe, ile ndala bado iko pale bandani?"

"Ipo."

"Mjomba wako anataka tusome Ijumaa hii. Lakini mie siwezi kumsomea khitma mtu ambaye nduguye anamshikia zamu. Itakuwa tunamdanganya Mungu. Ukiileta hiyo ndala, tutasoma. Usipoileta, nitaendelea kumwota. Amua wewe."

Mie si mtu wa maneno. Nilichukua ufunguo nikaenda kufungua banda.

Mawingu yalikuwa yamefunga tangu alfajiri, na umeme ulikuwa kwenye mgao. Banda lilikuwa giza kama ndani ya mtungi. Wa kwanza kuingia alikuwa Leodegar, fundi wa kuchomelea wa jirani. Bila umeme hakuwa na kazi, naye alipenda kunichokoza.

"Habari za leo, bubu?"

"Nzuri."

"Eh, leo kasema! Mvua itanyesha mawe." Akakaa kwenye benchi. "Umeme ukirudi niwekee Ndugu Wawili. Nicheze na wewe. Unitolee hilo landala hapo kwenye pedi."

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Ulaya, anakula mkate kwa siagi! Kwani sista, hata foleni ya bomba, ndoo ikikaa sana si inasogezwa?"

Umeme ukarudi ghafla, televisheni ikaanza kuchemka chenga. Kwa kuwa sikutaka aiguse pedi ya Marijani, nilichomeka kaseti nyingine, ile ambayo haikuhitaji watu wawili. Sikuwa nimeichomeka tangu Marijani aondoke.

Inabidi nieleze kaseti hizi mbili. Zote zilitoka Dubai, na marafiki wa Marijani ndio waliomnunulia Kariakoo. Majina yake yaliandikwa kwa maandishi ya Kijapani, na hakuna aliyeweza kuyasoma, hata waliomaliza sekondari. Mie niliyeishia darasa la tano nikawa sawa nao. Ya kwanza tuliiita Ndugu Wawili. Ndani yake mna vijana wawili wanaokimbia kwenye bustani, mmoja wa bluu, wangu, na mwingine mwekundu, wa Marijani. Njiani mna visima. Mmoja akitumbukia, mwenzake anagonga kengele, aliyetumbukia anapanda juu akicheka. Marijani alikuwa na mtindo wake. Kila akikaribia kisima aliruka mara mbili palepale alipo, kama mtu anayejaribu raba mpya, ndipo akavuka. Na gemu lile lilikwenda mbele tu. Mlipopita palimezwa, hapakuwa na kurudi.

Ya pili ilikuja muda mfupi kabla hajaondoka. Tuliisubiri kama sikukuu. Kumbe bustani ni ileile, ila kama wenyewe wamehama. Miti haina majani. Visima vimefunikwa mbao. Muziki ni uleule, lakini unakwenda polepole na umepungua sauti fulani, kama mtu anayeimba huku akikumbuka jambo. Na kijana ni mmoja tu, wa bluu. Mwekundu hayumo. Marijani aliicheza mara moja akaichomoa. "Hii ya pili imemtupa mtu," alisema. Wateja nao waliichukia, kwa sababu mwisho wa bustani mna geti lisilofunguka. Kila mtu alifika pale, akalipigapiga, akasema kaseti mbovu.

"Aa, unaniwekea hilo bovu!" Leodegar alilalamika.

Nilicheza. Mwanzoni niliona tu vilivyopungua. Hapa palikuwa na ua jekundu. Hapa palikuwa na kengele, sasa umebaki mti wake. Nilifika getini. Nikalipiga, likakaa kimya. Nilibaki nimeshika pedi nikimfikiria mama, na kidole changu kikalalia upande wa kushoto.

Picha ikasogea. Ikarudi nyuma.

"Ee!" Leodegar akainuka. "Kumbe linarudi? Miaka yote hii!"

Hakuna aliyejaribu. Wote tuliicheza ya pili kwa mazoea ya ya kwanza. Nilimrudisha kijana wangu, kisima kwa kisima, mpaka pale gemu linapoanzia. Nikaendelea. Nyuma ya mwanzo kulikuwa na uwanja mtupu, na muziki ukakoma. Mwisho wa uwanja kulikuwa na ukuta.

Mwekundu alikuwa amesimama pale. Ameelekea ukuta, ametupa mgongo.

"Mbona yumo?" Leodegar alisema kwa sauti ndogo.

Nilimsogeza wangu hadi ubavuni kwake. Nilimgonga. Nilibonyeza vitufe vyote. Hakutikisika. Basi nikaacha kubonyeza, nikatazama tu.

Akaruka mara mbili palepale alipo.

Leodegar akacheka. "Acha utani, nani kashika pedi nyingine?" Akainama kuangalia. Pedi ya pili ilikuwa sakafuni, ndala iko juu yake, na vumbi la miaka pembeni. Kicheko kikamkatika. "Somoe. Zima. Zima bwana."

Sikuzima. Mwekundu aliruka tena mara mbili, akatulia, uso ukutani. Moyo wangu ulitaka kumweka vilevile. Ningeacha gemu linawaka, ningekuwa naye kila siku, jirani na kijana wangu wa bluu. Alikuwa anangoja. Hakuwa anangoja kuingia kwetu. Alikuwa anangoja nimalize kumshikia zamu.

Nikainama nikaichukua ndala.

Ilikuwa na joto, kama iliyovuliwa sasa hivi.

Kwenye televisheni mwekundu akageuka. Uso wake ulikuwa vidoa viwili tu vyeusi, hata mdomo haukuwepo, lakini alitutazama. Kisha akaupita ukuta kama mtu anayepita pazia, akaenda upande wa kushoto, akatoweka. Mbali, upande ule tuliotoka, tukasikia chuma kinaburuzika. Geti lilikuwa linafunguka.

Nikaivuta pedi ya pili kwa mguu, nikaisukuma mbele ya Leodegar.

"Zamu yako," nilimwambia.

"Mie?" Alikwisha kusimama mlangoni. "Mie staki, sista. Nina kazi kule." Akatoka bila kuniita bubu.

Nilichomoa kaseti, nikafunga banda, nikaelekea nyumbani nimeikumbatia ndala ndani ya kanga. Mama alikuwa kwenye ngazi anachambua mchele. Aliponiona aliweka ungo chini. Nilimpa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kamba ambayo Marijani aliishona kwa waya.

"Nenda kamwambie mjomba wako," alisema. "Ijumaa wasome."

"Ndiyo, mama."

Nilipofika kwenye kona ya ua akaniita. Alikuwa ameiweka ndala shavuni.

"Somoe, mbona ina joto?"

"Jua, mama," nilimjibu.

Akatazama juu. Nami nikatazama. Mawingu yalikuwa yamefunga vilevile, na matone ya kwanza yalianza kupiga bati.

Hakuniuliza tena. Aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu mgeni yule aombe maji, nilisikia mama analia.