Kompyuta Iliyomkaribisha Milembe

Mayala hakuwa fundi wa kompyuta, wala hakuna aliyemtuma kuwa fundi. Alikuwa mwalimu wa jiografia mjini Bariadi. Enzi zile soko huria lilipotuletea kila kilichochakaa kwa wenzetu, alinunua kompyuta ya mtumba, akafuta Windows iliyojaa virusi na kuweka mfumo mwingine, Linux, kutoka kwenye CD aliyopewa na rafiki yake wa Mwanza. Tangu hapo amani ya nyumba ikatoweka. Leo kabadilisha rangi, kesho herufi, keshokutwa mashine haiwaki kabisa na yeye anachekelea. Mkewe Benedikta alisema afadhali ng'ombe mgonjwa, maana huyo hupona au huchinjwa.

Wiki hiyo alikuwa amejifunza jambo kubwa: kuichagulia mashine sauti ya kutoa inapowaka. Alitafuta kaseti ambayo marehemu mama yake, Ng'washi, alimrekodia salamu alipokuwa chuoni. Katikati ya salamu zile jirani alikuwa amepiga hodi, mama akamkaribisha, akakohoa, akaendelea. Mayala alikata kipande hicho akakiweka. Akaipanga pia mashine iwake yenyewe kila umeme unaporudi. Baba yake, mzee Ngassa, waliyekuwa wakiishi naye, hakuambiwa kitu. Mzee hakuwa ameisikia sauti ile tangu mazishi, na Mayala alitaka kumwandaa kwanza.

Lakini Jumapili hiyo mzee alikuwa na mgeni. Milembe, mjane kutoka Binza, alikuja kuiona nyumba kabla ndoa yake na mzee haijatangazwa kanisani. Upweke ulikuwa umemkausha mzee, na Mayala aliomba kimoyomoyo mama huyu akubali.

Umeme uliokatika tangu asubuhi ulirudi muda mfupi tu kabla mgeni hajafika. Hakuna aliyeikumbuka mashine kule chumbani, ikijikongoja kuwaka.

"Mwadila," Milembe aliamkia mlangoni kwa Kisukuma, goti chini.

"Mwadila, mayu," sauti ya mwanamke ilijibu kutoka chumbani, ikimwita mama. "Karibu kaya. Ingia ukae." Kisha kikohozi.

Mzee Ngassa alishika ukuta, macho yamemtoka. Milembe aliuona uso huo, akaona mwanamume aliyefumaniwa.

"Ngassa," alisema polepole, "nilikuuliza mbele ya katekista kama mkeo amekufa."

"Amekufa. Nilimzika mimi."

"Na huyu anayenikaribisha kwake ni nani?"

Mayala aliwaongoza wote wawili chumbani huku akijieleza kwa kigugumizi. Akabonyeza kitufe. Maneno yaleyale, kikohozi kilekile. Milembe alichungulia nyuma ya pazia, akainama chini ya kitanda, akashusha pumzi.

"Kumbe mtambo," alisema, akacheka kidogo.

Mayala naye akapumua. Ndoa imepona, alijiambia.

"Rudia," alisema baba yake.

Mayala akarudia.

"Rudia tena, mwanangu."

Machozi yalikuwa yakishuka mashavuni mwa mzee na hakuyafuta. Alikuwa amevuta kiti karibu na spika, mgongo wake kwa mgeni. Milembe alisimama akimtazama, akangoja ageuke. Alipoona hageuki, alichukua mkoba wake.

Mayala alimsindikiza hadi barabarani akimbembeleza. Kilichomchoma ni kwamba mama huyo hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mke aliye hai ningempeleka kwa padri," Milembe alimwambia. "Huyu nitampeleka wapi?"

Aliporudi, Mayala alianza kuisikia sauti ya mama yake akiwa bado uani. Alishtuka, kwani baba yake hakuwahi kuigusa mashine ile. Alisogea hadi mlangoni mwa chumba. Mzee alikuwa amekikariri kitufe. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akasubiri mkewe amalize kukohoa, akamjibu.

"Nimeingia, Ng'washi," alisema. "Nimekaa."