Wepukhulu wa Kompyuta

Daktari Mukhisa hakuwa daktari wa sindano. Ukimletea mtoto mwenye homa hajui hata pa kumshika. Yeye alitafuta dawa ndani ya kompyuta. Anaunda molekuli kwenye skrini, kisha anaiachia mashine ipige hesabu kama itakishika kimelea cha malaria na kukinyonga. Kazi hiyo ilimweka ughaibuni miaka, ikamkosesha mazishi ya baba yake, mzee Wepukhulu, aliyekufa kwa malaria hiyo hiyo. Mama yake, Agneta, hakumlaumu. Alinyamaza tu, na mama akinyamaza, jamani, afadhali kofi. Mukhisa akajiapia kwamba siku atakapoipata dawa, ndipo atakapomtazama mama machoni.

Basi mwaka wa 2006, akiwa amesharudi nchini, molekuli moja ikaleta dalili njema. Ilibaki hesabu ya mwisho, ya majuma kadhaa bila kuzima kompyuta, na transfoma ya mtaa wao wa kazi kule Kitale ikachagua wakati huo huo kulipuka. Mkubwa wake, Daktari Kimaiyo, akamwambia atafute stima popote, hata kuzimu. Mukhisa akaipakia kompyuta kwenye pikapu, akaifunika blanketi, akapita Kiminini kwa mwendo wa maharusi hadi kwa mama yake kijijini Mabanga, akaiweka sebuleni.

Haukupita muda stima ya huko nayo ikapotea. Kisanduku cha betri kilichoishikilia kompyuta isizime kikaanza kulia: pii, pii, pii. Mukhisa alikuwa dukani. Aliporudi alikuta mama ameshamwita senge Phelista, yaani shangazi yake, dada ya marehemu baba, kwa maana kwao mtoto asiyenyamaza anadai jina, na wa kumtajia majina ya wafu ni shangazi. Senge alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku, anaupitia ukoo. Wabwile? Pii. Wakoli? Pii. Wepukhulu?

Kimya.

Mukhisa akatazama juu, taa imewaka. Akaeleza kwa adabu kwamba stima imerudi, basi. Senge alimhurumia.

"Na wewe unafikiri stima inarudi tu ovyo, bila mtu kuitwa?"

Mukhisa akainama kukagua nyaya.

Tangu hapo molekuli ikawa Wepukhulu. Jogoo akachinjwa. Majirani wakaja na ndizi kumwona mtoto, wakauliza amefanana na nani. Mukhisa, kwa ujinga wake, akawaonyesha skrini. Wakaona kitu kimetanua mikono, wakasema ni mzee mwenyewe, si uongo. Mama akawa anaipangusa kompyuta kila asubuhi akiuliza imelalaje. Na ajabu ya Mungu, akaanza kumsemesha Mukhisa pia, habari za ng'ombe, za mahindi, na mwishowe za yale mazishi: mvua ilivyonyesha, na kiti cha Mukhisa kilivyobaki wazi.

Hesabu ikaisha Jumapili, baada ya kanisa. Wepukhulu alikishika kimelea barabara. Shida ni kwamba aliushika na moyo wa mgonjwa, akakataa kuuachia. Angeua malaria pamoja na mwenye malaria. Mukhisa akamweleza mama kwamba molekuli haifai, inashika kila kitu.

"Ndivyo alivyokuwa baba yako," mama akasema polepole, akaketi.

Kimaiyo akapiga simu. Aliposikia, akaguna, akaamuru ifutwe na kompyuta irudi Kitale kesho yake, waanze nyingine. Wala hakukosea, kwenye kazi yao molekuli hufutwa kama vumbi. Mukhisa akaweka kidole kwenye kibonye cha kufuta, kidole kikagoma. Nyuma yake senge na majirani walikuwa wameshajifunga leso za matanga, wanangoja.

"Kesho sitaweza, daktari," akasema kwenye simu. "Nimefiwa."

Kimaiyo akampa pole, akauliza ni nani.

"Baba."

"Lakini Mukhisa, si mzee alikufa kitambo?"

"Alikufa. Lakini sasa nipo."

Akabonyeza. Skrini ikabaki tupu, na mtu mzima yule, na digrii zake, akaangua kilio kilichosikika mpaka barabarani. Majirani wakainuka kumshika mabega. Mama akawazuia kwa mkono.

"Mwacheni alie," akasema. "Alichelewa tu njiani."