Soksi za Anton Hrabak

Verna Stoltz alijulikana mjini kwa jambo moja: hapaki rangi ya uongo. Ukimletea picha nyeusi na nyeupe ya marehemu aipake rangi, atakuuliza macho yalikuwaje, koti lilikuwaje, na asiporidhika atazunguka nyumba tatu kuuliza wengine, kahawa anywe na umbea apate.

Kwa hiyo picha ya timu ya besiboli ya kiwandani, ya mwaka 1909, ilipelekwa kwake ipakwe rangi, itundikwe ukumbini siku ya karamu ya mji kutimiza miaka mia. Wanaume kumi na mmoja, masharubu, soksi nyeusi hadi magotini. Weusi huo haukumbabaisha Verna. Kamera za zamani hazikuiona rangi nyekundu. Kila chekundu kilitoka cheusi. Akachovya pamba kwenye rangi ya mafuta, akasugua soksi zote nyekundu.

Siku mbili kabla ya karamu akaja Bi Mila Hrabak, miaka sabini na tatu, binti wa Anton, yule mdakaji aliyekaa katikati. Aliitazama picha bila hata kuvua koti.

“Zifanye nyeusi.”

“Bi Mila, zilikuwa nyekundu.”

“Unanifundisha? Nilimwona mama akizitia rangi, akizikoroga kwenye sufuria ya kufulia.”

Yaliyobaki Verna aliyajua, nani hakuyajua? Anton alikanyagwa muundi kwa njumu, damu ikaingia sumu, siku ya tisa wakamzika. Mtaa ukasema ni rangi ya soksi iliyoingia kwenye jeraha. Tangu hapo hakuna aliyegusa mkate wa Katerina, mkewe aliyezitia rangi, kanisani, na mjane huyo akazeeka na mlango wake umefungwa, Mila ndani.

Verna alibisha, akasema watu watagundua.

“Watu gani? Waliokuwepo wamekufa. Nataka nikae chini ya baba yangu mara moja tu, nisimwone mama kwenye mguu wake.”

Verna akalowesha pamba kwa tapentaini, akafuta wekundu wote.

Siku ya karamu ukumbi ulifurika, harufu ya kabichi ya nyama imejaa hadi mlangoni. Bi Mila alikaa chini ya picha, amechana nywele vizuri. Ndipo akaja mzee Clyde Burdette, mwamuzi mstaafu wa mechi, mdomo hauna breki.

“Verna, mama, macho yamekwenda likizo? Soksi za hawa zilikuwa nyekundu. Si ndiyo rangi iliyomuua Anton?”

Wasiojua wakauliza, wanaojua wakasimulia. Habari ikapita meza hadi meza, na jina la Katerina, ambalo lilikuwa halijatajwa kwa miaka, likawa mdomoni mwa kila mtu. Verna angeweza kusema nani alimwomba. Alitazama sahani yake.

“Nimekosea,” akasema. “Nitazirekebisha.”

Bi Mila aliacha chakula nusu. Mlangoni, akihangaika na vifungo vya koti, alimwambia Verna kwa sauti ndogo, “Ni mimi niliyeyafufua haya ya mama.” Akatoka kwenye theluji ya majimaji, akakataa kusindikizwa.

Jumatatu wateja wawili walikuja kuchukua picha zao zikiwa bado hazijapakwa, mmoja akisingizia safari. Verna akawafungia picha zao. Walipoondoka aliiweka timu mezani, akafungua rangi nyekundu, akaanza na mguu wa Anton. Angeuacha uwe wa mwisho, asingethubutu kuugusa.