Rimma Aenda kwa Mama kwa Kombora

Saa mbili asubuhi Rimma Fadeyevna alikuwa akijaza mchanga kwenye kichwa cha kombora, kwa koleo, vidole vimekufa ganzi. Miaka tisa kazi yake ndiyo hiyo. Siku moja kombora lingebeba bomu la nyuklia. Kwenye majaribio lilibeba mchanga, kilo mia sita kamili, likaruka kutoka kaskazini mpaka Kamchatka, mwisho wa Urusi upande wa mashariki, kilomita elfu sita, kwa dakika ishirini na tano. Mama yake aliishi Kamchatka. Rimma, kwa kuwa alijua siri za serikali, hakuruhusiwa kwenda kumwona.

Jumanne ikaja telegramu ya jirani: mama mgonjwa kitandani, hataki kula. Rimma akaomba ruhusa.

"Rimma Fadeyevna, mbona wanitafutia balaa?" akasema mkuu wake, Meja Lukyan Osipovich. "Andika maombi. Miezi sita utajibiwa."

"Miezi sita nitamkuta kaburini!"

Alhamisi akapunguza mchanga kilo sitini na nane, maana mizani haina mzaha, akaingia humo yeye na chupa ya uyoga wa siki wa kumpelekea mama.

Kombora likagoma kuwaka. Wahandisi wakakagua nyaya, wakatukanana weee, mpaka fundi Yermolai, aliyemwona Rimma akiingia, akauliza, "Jamani, mmekaa? Humo mna msafiri." Kwao safari haianzi kabla watu hawajakaa kimya kidogo.

Meja akauliza msafiri ni nani, akaambiwa. Akapekua kanuni za safari za wenye siri: zilikataza treni, ndege na meli. Kombora halikutajwa. Akaketi juu ya ndoo, wengine wakakaa chini. Kimya. Kombora likaondoka.

Lilitua bustanini mwa mama, katikati ya kabichi. Rimma akatoka, akajipangusa masizi, akaingia ndani.

"Na kabichi zangu je?" mama akauliza toka kitandani.

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Hebu nikuone. Ala, umekonda hivyo! Huko hamlishwi?"

Rimma akalia kwa furaha. Mama, ambaye hakuwa amesimama siku kumi na moja, akainuka kubandika supu.

Tume ya jeshi ikaja kupima. Kutoka shimo la kombora hadi mlango aliokuwa akiuendea msafiri, hatua sita. Shabaha ya namna hiyo hawakuwahi kuiona. Wakapongezana, wakapitisha kombora la aina hiyo litumike jeshini, na mahali pa mchanga likawekwa bomu. Siku waliyotia saini hati ya kulipitisha, mama alimaliza bakuli zima, akaomba jingine.